Mwito wa Mzizi

Waya Persila hang'oi mahindi kwa hasira.
Anachimba kando, kwa kisu cha kumenyea viazi,
shubiri moja, shubiri mbili,
hadi bonge zima litoke na nywele zake,
kisha analizamisha kwenye karai la maji
na kungoja tope lijitoe lenyewe.

"Usivute," ananiambia. "Ukivuta utabaki na mzizi
na utapoteza ulichokuwa ukizungumza nacho."

Hapa Gem, juu kidogo ya Mto Yala,
shamba hili limelimwa tangu babu yake akiitwa kijana,
mahindi juu ya mahindi, masika na vuli,
mbolea nusu mfuko, mwaka mwingine hata gorogoro haifiki.
Udongo haulalamiki. Unafifia tu,
kama shuka iliyofuliwa mno.

Na mche wenye njaa hauna mguu wa kwenda sokoni,
hauna mkono wa kubisha.
Hutoa harufu, isiyo ya pua yangu wala yako,
tone lisilojaza jicho la sisimizi,
linapenya gizani likisema:
nipo, nina njaa, nina sukari.

Kuvu anasikia.
Alikuwa amejilaza kando ya punje ya mchanga,
mwembamba kuliko uzi wa buibui.
Anachipua matawi, anakuja akipapasa,
anafika ngozini mwa mzizi, anafunguliwa.
Ndani ya chumba kisichoonekana kwa macho
anaotesha kimti chake, mti ndani ya mmea,
na hapo biashara hufanyika bila mzani wala dalali:
leta fosforasi, chukua sukari;
leta maji ya mahali nisipofika, chukua tena.

Ningeishia hapa, shairi lingekuwa tamu.

Lakini mwito hauchagui sikio.
Kuna mbegu nyingine, ndogo kama vumbi la ugoro,
imekaa kwenye udongo huu miaka kumi, labda kumi na mitano,
haili, haiozi,
inasikiliza.
Kayongo.
Mwaka Waya alipofiwa na mumewe, ilikuwapo.
Mwaka Okumu alipokwenda Nakuru kutafuta kiwanda, ilikuwapo.
Ikasikia mahindi yakimwita rafiki,
ikaamka, ikanyoosha kidole kimoja,
ikashika.

Wiki kadhaa juu hakuna habari.
Mahindi yanakunja majani adhuhuri kama yaliyorogwa,
majirani wananong'ona jina la mke mwenza,
halafu asubuhi moja maua ya zambarau yanatokeza, mazuri,
mazuri hasa, ya kubanwa ndani ya kitabu cha nyimbo,
na chini ya kila ua kuna mdomo
uliokwisha kushiba.

Nilimuuliza: kwa nini basi mzizi usinyamaze?
Alikuwa akisugua tope kwa kidole gumba.
"Nawe ulipokosa karo," akasema, "ulinyamaza?
Uliita. Akaja mjomba wako Ogola.
Wakaja pia wale wa mkopo wa simu."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Mwaka huu katikati ya mistari
kumetambaa desmodiamu, vipande alivyopewa na Mama Atis wa Wagai.
Huo nao huita, lakini kwa hila:
kayongo inaamka, inanyoosha kidole,
haipati pa kushika, inakufa na njaa yake.
Ng'ombe anakula majani. Waya anacheka peke yake.
Ameyahesabu maua ya zambarau: arobaini na moja.
Mwaka jana aliacha kuhesabu.

Sasa maji yametulia.
Anainua mzizi wa maharagwe, anapasua kinundu kwa ukucha,
ndani ni chekundu kama ini la kuku.
"Huyu anafanya kazi," anasema, akimaanisha bakteria,
kwa sauti ya kumsifu mkwe.
Kisha wa mahindi: anautikisa mara moja, mara mbili,
na chembe chache za udongo zinakataa kudondoka,
zinaning'inia hewani, kama zimeshikwa na kitu.
Hatukioni. Tunaitazama tu ile nafasi ndogo
iliyo kati ya chembe na mzizi.

Maji ya karai hayamwagi njiani.
Anayarudisha shimoni, taratibu,
kwa mkono mmoja, huku mwingine
ukifukia.